Mwanamke Aliyelishwa Neno

Mheshimiwa kasisi wa hekalu, ndugu mliotoka Nagoya na Sapporo, majirani wa Mtaa wa Daraja, na ninyi mliosimama huko nyuma karibu na mlango ilhali viti vya mbele viko wazi, tumekutana katika theluji hii ya tarehe 6 Februari 1983 kumsindikiza Nui Oribe, binti Ishigure, na maisha yake yanasomwa na mjukuu kwa niaba ya familia, yasomwe yote, kwa sababu mji huu umewahi kuyasikia nusu ukaridhika.

Nui alizaliwa tarehe 14 Februari 1901 katika kijiji cha Nishikuwa, juu kidogo ya mji wetu wa Hatagawa, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Jinpachi Ishigure na Bibi Riku, wafugaji wa viwavi vya hariri, katika nyumba ambayo viwavi walilala juu na watu chini, nao watoto walifundishwa kunyamaza kabla ya kufundishwa kusema, maana wazee waliamini kwamba kiwavi akishtuka hutema uzi mbovu. Alisoma shule ya msingi ya kijiji kuanzia Aprili 1907 hadi Machi 1913, akafaulu vizuri hesabu na kuimba, na kwa kuwa wakati ule binti wa mfugaji hakuulizwa anataka nini, mwezi uliofuata alipelekwa kiwandani kuvuta hariri, mikono ndani ya maji ya moto tangu alfajiri, akiwa na miaka kumi na miwili.

Huko kiwandani ndiko sauti yake ilikojulikana, kwa sababu aliimba huku akivuta, na msimamizi alipomjia siku moja na kumwambia, "We Nui, uzi hauna masikio, unamwimbia nani?" alimjibu bila kuinua macho, "Namwimbia mwenye masikio, bosi, ndiyo maana umekuja," na wanawake wote wa safu ile wakacheka hadi mvuke ukatikisika. Jioni za mapumziko alijifunza shamiseni, zeze lile la nyuzi tatu, kwa shangazi yake Oei, na tarehe 1 Aprili 1920 aliajiriwa katika Ukumbi wa Chidori, ukumbi wa picha pekee wa Hatagawa, mali ya Mzee Tasaburo Mizoe.

Vijana mliopo hapa mkumbuke kwamba picha za siku zile zilikuwa bubu, midomo ilicheza na hakuna kilichosikika, kwa hiyo kando ya shuka jeupe la kuonyeshea picha alisimama msimulizi, mtu mwenye kanzu ya heshima, asiye na kipaza sauti ila koo lake, akieleza yaliyotokea na kuwasemea watu wa kwenye picha, na mtu huyo katika Chidori alikuwa Mwalimu Hakuro, aliyependwa na mji wote, naye Nui alikaa upande wa pili na shamiseni, akiwasemea wanawake. Mwanzoni palikuwa na amani kati yao, kisha wanawake wakaanza kuulizana katika bafu la umma, "Umeshakwenda kumsikiliza Nui?" na hakuna aliyeuliza kuhusu Hakuro, na alasiri moja Mwalimu alimwambia mbele ya wapiga ala wengine, "Hebu nieleze, Dada Nui, watu wanakuja kutazama picha au kusikiliza pua yako?" naye akasema, "Wanakuja kutazama picha, Mwalimu, ila wakifumba macho kulia, wananikuta mimi." Watu walicheka, Hakuro hakucheka, na shangazi Oei alipohadithiwa alimwonya kwamba kumshinda mtu kwa maneno mbele za watu ni kumkopesha kisasi.

Mwezi wa Oktoba 1926 ilikuja picha iitwayo Kitana cha Oshino, kisa cha mtumishi wa ndani anayeshukiwa kuiba kitana cha gamba la kasa cha bibi mwenye nyumba, anazomewa sokoni, ananyimwa maji kisimani, analetwa mbele ya bwana na kuinama hadi paji la uso linagusa mkeka, na mwishoni kabisa kitana kinaonekana chini ya jiko, kilikoangushwa na paka. Pale Oshino anapoinama midomo yake inacheza kidogo tu, na maneno ambayo Nui aliyaweka katika midomo hiyo yalikuwa haya, "Bwana, nipekueni mimi kwanza, kisha pekueni nyumba." Hatagawa ililia, wafumaji walirudi kuitazama tena na tena, watu wazima walitoka Chidori macho mekundu wakilaani walimwengu kwa kushuku upesi, na ndugu waombolezaji, tafadhali yashikeni machozi hayo, kwa sababu yalimwagwa na watu walewale tunaokwenda kuwataja.

Tarehe 9 Novemba 1926, alasiri, upepo wa mlimani ukivuma, moto ulianza juu, katika chumba cha mashine, mahali ambapo filamu za wakati ule zilishika moto upesi kuliko nyasi kavu, na mwendesha mashine Sadaji Oribe, mtoto wa pili wa jirani muuza tofu, ile jibini ya maharage ya soya, kijana wa miaka ishirini na miwili, alikuwa ndani. Nui alikuwa amefika mapema kukaza nyuzi, akakimbilia uani chini ya dirisha, na Sadaji, badala ya kuruka, alianza kumrushia makopo ya filamu akipaza sauti, "Dada Nui, pokea! Pokea na hiki! Bado kimoja, kimoja tu cha mwisho!" Kopo hilo la mwisho halikushuka, na Sadaji hakushuka. Watu walipofika na ndoo walimkuta Nui amesimama uani, uso umejaa masizi, makopo ya Kitana cha Oshino kifuani, na hapo ndipo ulipozaliwa msemo wa kwanza, mbona huyu ameokoa makopo kabla sisi hatujauona moshi, na mkamatwa na ngozi ndiye mwizi.

Sote tunaijua desturi ya kwetu, nyumba iliyowaka ikawatia majirani hofu, watu wa nyumba hiyo huzunguka mlango kwa mlango siku ya pili, wakiwa wamevaa nguo za kawaida, wakainama na kuomba radhi, wawe wenye kosa au wasiwe. Mzee Mizoe alikuwa kitandani hajiwezi kwa mshtuko, na Mwalimu Hakuro alipoombwa alisema yeye ni msanii, si mwenye nyumba. Nui aliona aibu kwamba Chidori yote isitoe hata mtu mmoja wa kuinama, akavaa ndara za majani, akaanza Mtaa wa Daraja, na katika kila mlango aliinama na kusema neno lile la kuomba radhi ambalo sote hulisema, analolisema mwanafunzi aliyechelewa, analolisema mgeni aliyemwaga chai, neno ambalo ukilikunjua maana yake ni hii tu, "Sina la kujitetea."

Katika lango la Afande Hirao wa kituo cha polisi alilisema mbele ya mke wa afande, Bibi Tsune, aliyekuwa akisuuza figili, na kabla ya jua kuzama mji ulikuwa umeambiwa kwamba Nui amekiri. Alipelekwa kituoni, na afande, aliyekuwa akila mchana wake, alimwuliza, "Ni kweli umekwenda majumbani kwa watu ukasema huna la kujitetea?" naye kwa malezi aliyolelewa, akiona amemkatiza mkubwa chakula, aliinama akasema, "Samahani afande kukusumbua, sina la kujitetea." Tunajua mnaweza kucheka hapa, na yeye mwenyewe uzeeni alikuwa akicheka, lakini siku ile hakucheka mtu, kijiti cha kulia cha afande kilisimama hewani, karani akalowesha kalamu. Kiichi Oribe, kaka yake Sadaji, alikwenda kituoni kueleza kwamba akiwa uani kwao aliisikia sauti ya mdogo wake ikimwambia Nui apokee, akaambiwa kwamba msiba umemvuruga akili, arudi akasage soya. Nui alikaa ndani hadi tarehe 20 Novemba, akaachiwa kwa sababu moto ulianza juu na yeye alikuwa chini, jambo ambalo kila mwenye macho alilijua tangu mwanzo, lakini aliachiwa kwa mlango wa nyuma, bila neno, na mtu anayeachiwa bila neno hubaki na neno la kwanza.

Ukumbi mpya ulifunguliwa tarehe 3 Aprili 1927, na picha ya kwanza ilikuwa ileile, kwa makopo yaleyale aliyoyadaka yeye, isipokuwa la mwisho lililoungua. Nui hakuitwa tena kazini. Alikwenda kama mtazamaji, akakaa nyuma kabisa, shali kichwani, kwa sababu alitaka kusikia nani sasa anamsemea Oshino, na akakuta Hakuro anasema peke yake, wanaume kwa wanawake. Ikafika pale mtumishi anapoinama, paji la uso mkekani, midomo inacheza kidogo tu, na Hakuro akanyamaza. Alinyamaza hadi watu wakaacha kutafuna. Kisha akaitoa sauti puani, kwa lafudhi ya juu, ya Nishikuwa, akasema polepole, "Sina... la kujitetea."

Mtu mmoja alicheka, mwingine akamwambia nyamaza, halafu ukumbi ukatulia utulivu wa viwavi wanapoacha kula kabla ya ugonjwa, na vichwa vikaanza kugeuka, safu ya mbele, ya kati, hadi ya nyuma, nyuso zote zikiwa nyeupe kwa mwanga wa picha, zikimtazama yeye na si shuka. Taa zikawashwa. Hakuro akainama, akatangaza kwamba kipande cha mwisho kiliteketea, kwa hiyo kisa chetu, mabibi na mabwana, kinaishia hapa.

Na hapa familia inaomba isimame kidogo, kwa sababu kuna watu wamezoea kusema kwamba Hatagawa ilidanganywa na Hakuro, nasi hatuikubali hoja hiyo. Mji ulikuwa umeiona picha nzima mwezi wa Oktoba. Mji ulijua kitana kiko wapi. Hakuna aliyesimama kusema, "Mwalimu, mbona kilikuwa chini ya jiko?" na picha hiyo ilionyeshwa bila mwisho kila sikukuu hadi picha za sauti zilipofika mwaka 1934, watoto wakakua wakijua kwamba Oshino ni mwizi. Kuhusu nani aliyewasha moto, wapo waliomwona Mwalimu Hakuro mara nyingi akivuta kiko katika chumba cha mashine, na wapo mtakaotaka tuseme basi ni yeye, lakini hatusemi, hatukumwona siku hiyo, alikufa mwaka 1961, hawezi kujibu, na sisi tumelelewa katika nyumba ambayo tuliona "labda" inavyokula mtu akiwa hai.

Nui alifunga ndoa na Kiichi Oribe tarehe 11 Mei 1929, ndoa isiyokuwa na mshenga, kwa sababu hakupatikana wa kukubali, na mama yake Kiichi alipolia akisema, "Mwanangu, unaniletea aliyemchoma mdogo wako?" Kiichi alijibu, "Mama, nakuletea mtu wa mwisho aliyeitwa na Sadaji." Miaka minne baadaye yule mama alifia mikononi mwa Nui, akimwita mwanangu. Lakini mtaa ulisema Kiichi alikuwa akiongopa tangu kituoni kwa ajili ya mapenzi, na alipopita na baragumu lake la tofu asubuhi, milango iliyokuwa wazi ilifungwa, mmoja baada ya mwingine, taratibu, bila tusi, akaanza kuuza ng'ambo ya mto ambako tofu ilikuwa tofu tu.

Walijaliwa watoto wawili, Fusa aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1931, na Sadao aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1934. Kiichi aliitwa vitani Machi 1944, akafa kisiwani Luzon, Ufilipino, tarehe haijulikani, sanduku la majivu lililorudi lilikuwa na jiwe tu. Sadao, kwa kuwa hakuna fundi wa hapa aliyekuwa na nafasi ya kumfundisha kazi, na kesho yake fundi yuleyule alikuwa na nafasi kwa mtoto mwingine, alikwenda Nagoya angali mdogo na huko akawa fundi mitambo. Fusa aliposwa mwaka 1953, na wakwe walituma mtu wa kuulizia mtaani kama ilivyo kawaida, na majirani hawakumsema vibaya hata kidogo, walisema, "Aa, kina Oribe? Sisi hatuna la kusema," wakatazama chini, na posa ikarudi. Mwaka 1957 aliolewa na Mwalimu Kuwano wa Sapporo, mtu wa mbali, ambaye hakuuliza, na katika ndoa hiyo walipatikana wajukuu watatu.

Katika nyumba yetu neno lile halikutumika. Mtoto akivunja bakuli akakimbilia kulisema, Nui alimwambia, "Mimi sijakuuliza kujitetea, nimeuliza bakuli limevunjikaje," na akichelewa, "Sema umechelewa, basi, inatosha." Tulidhani ni ukali wa bibi.

Tarehe 8 Novemba 1975, wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa wakikusanya picha za kale waliileta nakala kamili ya Kitana cha Oshino, iliyopatikana katika ghala la mji mwingine, wakamwomba Nui, akiwa na miaka sabini na minne, awasemee wanawake katika jumba la mji. Watu walijaa. Oshino alipoinama, baadhi ya wazee tuliwaona wakishika magoti yao, midomo yao yenyewe ikitangulia neno la Hakuro, na Nui akasema kwa sauti isiyotetemeka, "Bwana, nipekueni mimi kwanza, kisha pekueni nyumba." Kipande cha mwisho kikaingia, paka, jiko, kitana, na Bibi Tsune, mjane wa Afande Hirao, akasema kwa nguvu, "Kumbe kilikuwa chini ya jiko!" Nui aliiweka shamiseni pajani akamwambia kutoka jukwaani, "Tsune, we usinichekeshe, ulikuwepo mwaka ule. Ulikaa safu ya tatu unakula chungwa." Watu walicheka sana, walipiga makofi, walikwenda nyumbani, na kesho yake hakuna aliyefika mlangoni.

Ugonjwa ulianza Juni 1982, maumivu ya tumbo, na katika hospitali ya mkoa ikathibitika ni saratani, alifanyiwa upasuaji tarehe 5 Julai, akarudi nyumbani, akalazwa tena Novemba. Huko ndiko alikofika Bibi Tsune, mwenyewe na fimbo yake, na matunda ya kaki kwenye kitambaa, akakaa, akainama, akaanza, "Nui, mwenzangu, mimi kwa kweli sina la..." na Nui akamkata, "Hilo usilimalize. Sema ulichofanya." Bibi Tsune alimenya kaki nzima bila kuinua uso, kisha akasema, "Nilijua ni salamu tu. Tangu mlangoni nilijua. Mume wangu aliniuliza kama nimesikia kitu, na mimi nikataka niwe nimesikia." Nui akamwuliza, "Na mwisho wa picha?" Akasema, "Niliukumbuka. Sote tuliukumbuka, Nui. Ulikuwa umekwisha kuwa mwizi, ingekuwa kazi kukurudisha." Nui alinyoosha mkono, akachukua kipande cha kaki, akala, ingawa daktari alikuwa amemkataza, na akasema, "Ni tamu. Lete nyingine." Aliyeuona uso wake jioni ile anajua kwamba aliyekuwa akimsubiri kwa miaka yote hakuwa Hakuro wala afande, bali mtu mmoja, yeyote, wa kuyasema hayo kwa mdomo wake mwenyewe.

Bibi Tsune ameturuhusu tuyasome haya leo, na alisema atakuwepo, na yupo. Tunawaomba sana, msigeuke kumtazama.

Nui alifariki tarehe 3 Februari 1983 asubuhi, akiwa na Fusa na Sadao, karibu kutimiza miaka themanini na miwili, ameacha watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja.

Familia inawashukuru Daktari Kasuga na wenzake kwa kumwambia ukweli bila kumzungusha, Muuguzi Yoneyama aliyemwosha nywele kila Jumapili, wafanyakazi wenza wa Sadao, na wanafunzi wa chuo walioleta picha na leo wameleta maua. Majirani wa Mtaa wa Daraja, mnajua kwamba anayetengwa kwetu hutengwa katika mambo manane ya ujirani kati ya kumi, yakabaki mawili asiyoweza kunyimwa, moto na mazishi, na tangu moto ule hatukupata kuwaona wote mkitujia pamoja hadi leo, kwa hiyo tunawashukuru kwa kutimiza la pili, viatu vyenu vimejaa barazani, chai ipo, karibuni ndani. Mtakapofika kwenye ubani mtainama, na wengine midomo yenu itacheza kidogo, nasi hatutawawekea humo neno lolote, mwenye lake alitamke.

Pumzika kwa amani, Nui binti Jinpachi, nasi tuliobaki tutajisemea wenyewe.